Kwa nini beringi ya katikati inakufa kila mwezi?

*"Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa kuchomelea, natengeneza mashine za kusaga mahindi. Mashine zangu siku zote zina beringi mbili, moja kila upande wa chumba cha nyundo, na puli inaning'inia nje. Mwaka huu mteja mmoja alitaka mashine 'ngumu zaidi', nikamwongezea beringi ya tatu upande wa nje, puli ikakaa katikati ya beringi mbili. Shafti ni ya milimita 40, beringi zote ni UCP 208, mota ni ya kilowati 15, rota inazunguka kama mara 3,000 kwa dakika. Kutoka beringi ya kwanza hadi ya pili ni milimita 500, kutoka ya pili hadi ya tatu ni 300. Mdogo wangu alinichorea kwenye kompyuta na kila kitu kilikaa mahali pake, programu haikulalamika. Lakini beringi ya katikati inakufa kila baada ya mwezi. Nimebadilisha kampuni, nimeongeza grisi, nimeweka mpya mara nne. Sasa nataka kuweka shafti ya milimita 50 na kuchomelea kabisa beringi kwenye fremu zisisogee. Je, hilo litamaliza tatizo?"*

Marahaba, fundi. Kabla hujanunua hiyo shafti ya 50, subiri kidogo. Ukiiweka kwenye mashine hiyo ilivyo sasa, na ukachomelea beringi zisisogee, beringi ya katikati itakufa mapema kuliko inavyokufa leo. Najua hili linasikika kinyume, kwa sababu maisha yako yote ya kazi umejifunza kwamba kitu kikivunjika unaweka kinene zaidi. Mara nyingi ni kweli. Hapa si kweli, na nitakuonyesha kwa hesabu.

Kwanza nikuondolee lawama. Beringi ulizonunua huenda zilikuwa nzuri zote nne. Grisi haina kosa. Hata wazo la kuipa puli mhimili pande zote mbili si la kijinga, na wahandisi wenye shahada hulifanya pia. Shida ni kwamba sehemu za mashine yako zinabanana zenyewe kwa zenyewe, na mzigo unaoiua beringi hautoki kwenye mahindi wala kwenye mkanda. Umefungiwa ndani ya mashine siku ulipokaza bolti, na upo pale hata usiku umeme ukiwa umezimwa.

Tuanze na jikoni. Mafiga ni matatu, na chungu kikikaa juu yake hakitikisiki, hata kama jiwe moja ni refu kuliko mengine na ardhi ina mabonde. Chungu kinaegemea kidogo upande, basi. Sasa chukua meza ya miguu minne uiweke kwenye sakafu hiyo hiyo. Mguu mmoja utabaki hewani. Ukitaka yote minne iguse chini, ni lazima ukate mguu kwa kipimo, au usawazishe sakafu, au uikalie meza mpaka mbao zijikunje. Ile njia ya tatu ndiyo mashine yako inayoifanya kila siku, isipokuwa kinachojikunja ni chuma cha milimita 40, na kinajikunja mara 3,000 kwa dakika.

Kitu chochote kigumu kikiwa huru hewani kina njia sita za kwenda: kinaweza kusogea kulia na kushoto, mbele na nyuma, juu na chini, na kinaweza kuzunguka katika kila moja ya mihimili hiyo mitatu. Kazi ya anayeunganisha mashine ni kuzifunga zile njia asizozitaka na kuiacha anayoitaka. Shafti yako unataka izunguke tu. Kwa hiyo unahitaji kufunga njia tano, na kuacha moja.

Beringi ya UCP imekaa ndani ya nyumba yenye tumbo la mviringo, kama kichwa cha fupa la paja ndani ya nyonga, kwa hiyo inaweza kuinama kufuata shafti. Haizuii shafti kuinama. Inachozuia ni kitovu kuhama: hakiendi juu-chini, hakiendi mbele-nyuma, na ukikaza zile skrubu ndogo za kubana shafti, shafti haitelezi kulia-kushoto. Hizo ni njia tatu kwa kila beringi. Beringi ya kwanza inafunga tatu. Ya pili, kama ungeiacha shafti iteleze ndani yake, ingefunga mbili. Jumla tano, na kazi imekwisha. Wewe una beringi tatu, zote zimekazwa skrubu: tatu mara tatu ni tisa. Umefunga mara tisa kitu kilichohitaji kufungwa mara tano, na zile nne za ziada hazina kazi ya kufanya isipokuwa kubishana na wenzake.

Wavuvi wanasema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Beringi mbili zinatosha kusema mstari wa shafti uko wapi, kwa sababu nukta mbili zinatosha kuchora mstari. Ya tatu inaleta maoni yake. Kama maoni yake ni sawasawa kabisa na ya wenzake, hakuna ugomvi. Kama yanapishana hata kidogo, shafti inalazimika kupinda ili iwaridhishe wote watatu, na inajilipia kwa kuzisukuma beringi.

Hapa ndipo programu ya mdogo wako ilipokupotosha, bila nia mbaya. Kwenye mchoro matundu matatu yako kwenye mstari mmoja kabisa, bila tofauti ya hata unywele. Beringi ya tatu ikiwekwa, inarudia tu yale ambayo mbili zilishasema, na programu nyingi za uchoraji zinakubali marudio yasiyopingana. Lakini fremu yako umeikata kwa mashine ya mkono na kuichomelea. Unajua mwenyewe engo inavyovuta ukishaweka moto upande mmoja. Kupishana milimita moja kwenye fremu ya kuchomelea yenye urefu wa milimita 800 ni jambo la kawaida kabisa, hata kwa fundi makini. Mchoro haujui hilo. Ukitaka kuujaribu, mwambie mdogo wako aishushe beringi ya katikati kwa milimita moja halafu aone kama shafti bado inakubali kuingia.

Sasa hiyo milimita moja ina uzito gani? Kwa shafti ya chuma ya milimita 40 na nafasi zako za 500 na 300, kuilazimisha beringi ya katikati iende milimita moja nje ya mstari wa wenzake kunahitaji nguvu ya takriban niutoni 2,700, yaani kama kilo 270 zinazoning'inia pale muda wote. Beringi mbili za pembeni zinagawana kilo hizo hizo kwa upande wa pili, ile ya nje ikichukua kama 170 na ya kwanza kama 100. Na hii ndiyo sababu ya kukukataza shafti nene: ugumu wa shafti kupinda unapanda kwa kipenyo kuzidishwa chenyewe mara nne. Kutoka 40 kwenda 50 ugumu unakuwa karibu mara mbili na nusu. Kupishana kule kule kwa milimita moja sasa kunakuwa zaidi ya kilo 650. Na ukichomelea beringi kwenye fremu, unaondoa ule ulegevu mdogo ambao leo unakuokoa.

Niwe mkweli kwenye hesabu hii. Fremu ya engo nayo inajikunja, na ndani ya beringi kuna nafasi ndogo, kwa hiyo nguvu halisi ni pungufu ya hiyo. Pia inategemea upande: kama kupishana kunasukuma upande ule ule mkanda unakovuta, mizigo inajumlishwa, kama ni kinyume, inapunguzana. Ndiyo maana wenzako wawili wanaweza kutengeneza mashine ya beringi tatu inayofanana, moja ikadumu na nyingine ikala beringi. Wa kwanza atakwambia siri ni kampuni ya beringi. Ni bahati ya mstari.

Umri wa beringi ya gololi haupungui polepole mzigo unapoongezeka. Unapungua kwa mchemraba: mzigo ukiwa mara mbili, umri unakuwa moja ya nane. UCP 208 ina uwezo wa takriban kiloniutoni 30 kwenye vitabu vya watengenezaji (kiloniutoni moja ni kama kilo 100). Tukisema mkanda na uzito wa rota vinaiwekea kiloniutoni 3, ambacho ni kiasi cha kawaida kwa mota ya kilowati 15, beringi tisa kati ya kumi zinatarajiwa kupita saa 5,500 kwa mwendo wako wa 3,000. Kwa kazi ya saa nane kwa siku hiyo ni karibu miaka miwili. Ongeza kilo 270 za kupishana milimita moja, mzigo unafika 5.7, na umri unashuka hadi saa 800 hivi, siku mia moja. Milimita mbili, mzigo 8.4, umri saa 250. Siku thelathini na moja. Umesema inakufa kila baada ya mwezi. Siwezi kuapa kwa mashine nisiyoiona, na vumbi la unga nalo lina mkono wake, lakini namba hizi ziko karibu sana na hadithi yako.

Kuna kitu nakisikia kwa mafundi wengi: "Lakini UCP inajinyoosha yenyewe." Inajinyoosha kwa kuinama, haijinyooshi kwa kuhama. Ukiifunga kwenye kibao kilichoinama nyuzi moja au mbili, tumbo lake la mviringo litageuka na kufuata shafti. Ukiifunga milimita mbili juu ya mstari, itainama vizuri kabisa na bado itakuwa milimita mbili juu ya mstari. Na hata kuinama kwenyewe kunashindikana kama nyumba imeshika kutu au rangi ya kupuliza imeingia kwenye mfuo.

Utaniuliza: mbona kranki ya gari yenye silinda nne ina beringi tano na haifi? Swali zuri. Mwulize fundi wa injini atakwambia matundu yale matano yanachongwa kwa pamoja, kwa mhimili mmoja wa kuchongea, kwenye bloku moja ya chuma cha kuyeyusha, na bloku ikipinda kwa joto lazima ikachongwe upya kabla ya kuweka kranki. Kule wamelipa gharama ya usahihi. Yeyote anayefunga zaidi ya inavyohitajika lazima alipe moja kati ya mambo mawili: usahihi mkubwa, au ulegevu uliowekwa makusudi mahali fulani. James Clerk Maxwell, mwanafizikia wa Scotland, alilieleza mwaka 1876 alipoandika kuhusu vifaa vya kisayansi: vipande vyetu ni vigumu lakini si vigumu kabisa, na kipande kikizuiwa kwa njia zaidi ya sita kitapata mkazo wa ndani na kupinda. Yeye alikuwa anawaza vifaa vya maabara. Sheria ni ile ile kwenye mashine ya kusaga.

Kabla ya kutengeneza chochote, thibitisha. Zima umeme, toa fyuzi au ufunge swichi kuu kwa kufuli, na mtu asikae karibu na swichi. Toa mikanda yote. Zungusha rota kwa mkono usikilize. Kisha legeza bolti mbili za beringi ya nje kabisa, ile ya tatu, ukiwa umeiangalia miguu yake. Ikiruka, ikiinuka au ikisogea pembeni bolti zinapoachia, umeuona ugomvi kwa macho yako. Ingiza fila geji (vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi) chini ya mguu wake upime umeinuka kiasi gani. Kiasi hicho ndicho ncha ya nje ya shafti ilikuwa inalazimishwa kupinda. Zungusha tena rota kwa mkono. Kama sasa inazunguka laini na muda mrefu zaidi kuliko mwanzo, huhitaji ushahidi mwingine.

Kama bado unazo zile beringi zilizokufa, zikate gurudumu la nje kwa mashine ya kukatia uangalie ndani. Njia ya gololi kwenye gurudumu la nje inasema mzigo ulitoka wapi. Ikiwa sehemu iliyong'aa iko upande ambao mkanda unavuta, huenda mzigo ulikuwa wa halali, au kupishana kulisukuma upande ule ule. Ikiwa iko upande ambao hakuna kitu kinachovuta, basi shafti ndiyo ilikuwa inasukuma. Na ikiwa njia imehamia ukingoni badala ya kupita katikati ya mfuo, beringi ilikuwa inabanwa kwa ubavu, na hilo tutalirudia hivi karibuni.

Ukishathibitisha, unazo njia tatu, na sizioni kuwa sawa.

Ninayoipenda ni kuiondoa beringi ya tatu. Rudi kwenye mbili zako za zamani, lakini sogeza puli karibu na beringi kadiri nafasi ya mikanda inavyoruhusu, katikati ya puli isizidi milimita 100 kutoka katikati ya beringi. Kwa mvuto wa mikanda wa kilo 200, mkunjo kwenye shafti ya 40 pale beringini unaleta mkazo wa kama megapaskali 32, ambao chuma cha kawaida cha shafti kinaubeba bila shida. Mteja anataka mashine ngumu zaidi? Mpe ugumu mahali unapohitajika: upande wa puli weka UCP 308 badala ya 208. Tundu ni lile lile la milimita 40, lakini ni ya mfululizo mzito, uwezo wake ni kama kiloniutoni 40, na kwa ule mchemraba wa umri inamaanisha zaidi ya mara mbili ya maisha. Angalia tu kwamba kitovu chake kiko milimita 60 kutoka chini, wakati cha 208 kiko 49.2. Kwa hiyo kikalio chake kishushwe milimita 10.8. Ukisahau hilo, tumbo la mviringo litaivumilia, lakini rota itakaa upande ndani ya chumba.

Njia ya pili inafaa kama puli ni kubwa na nzito kiasi kwamba huwezi kuining'iniza. Ipe puli shafti yake fupi yenye beringi zake mbili, halafu iunganishe na shafti ya rota kwa kaplingi yenye mpira katikati. Beringi zinakuwa nne, utasema nimezidisha manahodha. Hapana, kwa sababu kila jozi ina chombo chake, na mpira wa kaplingi ndio ulegevu uliowekwa makusudi unaoziruhusu shafti mbili zipishane kidogo bila kugombana. Usiweke kaplingi ya chuma kwa chuma. Hiyo inazirudisha zote kwenye chombo kimoja. Ni njia nzuri ila ni ghali, na mashine inakuwa ndefu.

Njia ya tatu ni kubaki na beringi tatu na kuzinyoosha. Inawezekana. Utahitaji kibao kimoja kinene cha chuma kilichosawazishwa kwenye mashine baada ya kuchomelewa, si kabla, vibati vyembamba vya kusawazishia, geji ya saa (kipimo chenye mshale kinachoonyesha mkengeuko mdogo sana), na uvumilivu wa kupima upya baada ya wiki ya kwanza ya kazi, na tena mteja akihamisha mashine kwenye sakafu nyingine. Uzi na pima maji havitoshi kwa kazi hii. Sikushauri, kwa sababu siku mteja atakapobadilisha beringi mwenyewe huko kijijini, kazi yako yote ya kunyoosha itaondoka na zile bolti.

Sasa lile la kubanwa kwa ubavu. Shafti inapata joto kuliko fremu. Chuma hurefuka kama milimita 0.012 kwa kila mita kwa kila nyuzi. Kwa milimita 500 na tofauti ya nyuzi 30, ni milimita 0.18. Ni kidogo, na kwa mashine fupi kama yako fremu huwa inalimeza, ndiyo maana zile mashine zako za zamani hazikulalamika. Hata hivyo ni rahisi kulifanya vizuri: kaza kwanza beringi ya upande wa puli, skrubu na bolti, ili mikanda ibaki kwenye mstari. Beringi ya upande wa pili kaza skrubu zake kwenye shafti, lakini bolti za miguu ziache zimeshika kwa mkono tu wakati unaisogeza ijipate. Zungusha rota kwa mkono mara kadhaa, kisha ndipo ukaze. Usiache skrubu za shafti zikiwa legevu ukidhani umeipa uhuru wa kuteleza, kwa sababu shafti itazunguka ndani ya gurudumu la ndani na kuliwa.

Kuna mambo ambayo barua haiwezi kukumalizia. Pima uzito wa nyundo zako moja moja kwenye mizani, na zile zinazokaa pande zinazotazamana ziwe sawa. Tofauti ya gramu 50 kwa umbali wa milimita 200 kutoka katikati, kwa mwendo wako, inazaa nguvu inayozunguka ya kama kilo 100, na hakuna mpangilio wa beringi utakaoiponya. Kama baada ya kuondoa beringi ya tatu mtetemo unabaki, peleka rota nzima kwa fundi mkerezaji mwenye geji ya saa aangalie kama shafti imepinda. Baada ya miezi minne ya kulazimishwa, inawezekana. Akiona ufa wowote karibu na mfuo wa ufunguo wa puli, shafti hiyo isirudi kwenye mashine. Ofisi ya SIDO (shirika la kuendeleza viwanda vidogo) ya mkoa wako inaweza kukuelekeza kwa karakana yenye vifaa hivyo, na kwa mchoro wa mashine unayotaka kuitengeneza kwa wingi, TEMDO, shirika la umma la usanifu wa mashine pale Arusha, wanafanya kazi ya aina hii.

Na kwa mashine iliyoko kwa mteja sasa hivi, mpigie simu leo umwambie asisage mpaka ufike. Beringi ikikwama kwa mwendo wa 3,000 rota inaweza kugusa ukuta wa chumba na kurusha nyundo, na watu hupanga foleni mbele ya mashine hizo wakiwa na watoto mgongoni. Nenda na fila geji, spana ya bolti za beringi, na kufuli la swichi.